Hela ya Jicho la Mama

Mimi ni mtu wa wasiwasi, nalisema mwenyewe kabla wanangu hawajanisemea. Nikifunga mlango narudi kuujaribu, nikifika barabarani narudi tena, na mume wangu, Mungu amrehemu, alizoea kunisubiri pale mtaani kwetu Milanzi ameshika baiskeli yake ya kwendea shule. "Mama watoto," alikuwa akisema, "huo mlango umefungwa tangu jana." Mtu wa namna yangu hapaswi kupewa hela ya ziada. Hela ya kula haina neno, inaingia na kutoka. Inayobaki ndiyo inayomnyima mtu usingizi.

Yangu ilibaki katika miaka ile ya mwanzo ya ruksa ya biashara. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za kugombea kipande cha kaniki, mara tukasikia mitumba imeruhusiwa, marobota yanapita Tunduma mchana kweupe. Nilianza na nusu robota, tukagawana na mwanamke mwenzangu wa kibanda cha jirani pale sokoni. Wenzangu walikimbilia blauzi na magauni. Mimi nilichagua masweta na makoti, maana Sumbawanga mwezi wa sita hakuna anayekuuliza kama sweta limefifia, anakuuliza kama lina mikono. Mashati mepesi niliyabakiza ya kushuka nayo mnadani Muze, kule bondeni kwenye joto, ambako wafugaji wa Kisukuma walinunua bila kunisumbua sana na bei. Msimu wa tatu ulipoisha nikalipa mzigo, nikalipa kibanda, nikatoa ada ya watoto, nikahesabu mara nne. Ilibaki laki moja na elfu ishirini, haina kazi.

Nasema haina kazi, lakini kazi ilikuwa nayo. Ilikuwa hela ya jicho la mama yangu.

Mama alikuwa na jicho moja tu la kuaminika. La kulia lilipotea kwa surua akiwa mtoto mdogo, na alikuwa amezaa, amelima na kuzika kwa lile la kushoto. Sasa na hilo likaanza kuingia ukungu. Mwanzoni tulicheka, na yeye alicheka kutushinda. Siku moja alimkaribisha ndani mbuzi wa jirani, akamvutia kigoda, akamuuliza habari za nyumbani kwao, mpaka mbuzi alipojibu kwa lugha yake. Alisimulia mwenyewe kisa hicho kijiji kizima. Lakini nilipoenda kumwona nikamkuta anapapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoijenga yeye, sikucheka tena. Nilimpeleka hospitali ya misheni, safari ya siku nzima kwa lori. Mtaalamu wa macho akamulika, akasema ni mtoto wa jicho, anatolewa, mama ataona vizuri tu. Ila hajakomaa bado. Akasema turudi baada ya mwaka hivi, au mapema zaidi kama mganga wa zahanati ya kijijini ataona ameiva. Halafu akatutajia gharama, kwa sababu mambo ya bure yalikuwa yamekwisha na serikali ilishatuambia tuchangie. Upasuaji, dawa, miwani, kulala pale wiki mbili na mtu wa kumhudumia, nauli za watu wawili. Nikapiga hesabu njia nzima ya kurudi. Ilikuwa karibu laki.

Kwa hiyo mwaka ule hela niliyokuwa nayo ilikuwa jicho la mtu. Nani angelala?

Niliitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalizika kwenye gunia la maharage. Baada ya siku tatu nikaona watoto wanachota maharage kutoka gunia lile, nikalihamishia darini. Darini nikawaza panya. Nikalirudisha chini, chini ya kitanda, nikawaza wezi. Jumapili moja nilisahau nimelihamishia wapi, nikapekua nyumba nzima, mume wangu amekaa mlangoni anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilipoliona ndani ya sufuria la sherehe, akasema bila kuinua macho, "Hilo kopo limetembea kuliko mimi."

Na kibaya zaidi, hela yenyewe ilikuwa inapungua bila mtu kuigusa. Robota nililolinunua kwa bei fulani mwezi wa tatu, mwezi wa sita lilikuwa limepanda, na mwezi wa nane wenzangu walirudi kutoka Tunduma wanasonya. Sukari, mafuta, nauli, vyote hivyo hivyo. Kila nikilifungua kopo naona noti zilezile, lakini najua zimepungua kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Hospitali nayo isingebaki na bei ileile. Nikaona nikizembea nitafika mwaka ujao na hela ya nusu jicho.

Mume wangu alikuwa mtu wa kitabu cha posta. Alikuwa nacho tangu chuo cha ualimu, kimeshonwa upya kwa uzi. "Weka posta," akasema. "Ukiitaka unaenda unachukua, basi." Nikamuuliza riba yake. Akanitajia. Nikamwambia riba hiyo hainunui hata chumvi, na wakati huo bei zinapaa. Hakubisha. Nikamuuliza chama chao cha walimu cha kuweka na kukopa, akacheka kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado anakatwa mkopo wa bati, na mtu kutoa akiba yake yote mle ilikuwa mpaka ajitoe uanachama na kamati ikae. Kamati yenyewe ilikaa pale mwenyekiti alipojisikia.

Jirani yangu wa sokoni alinivutia kwenye upatu. Walikuwa wanawake kumi na wawili, kila mwezi anapokea mmoja. Aliniahidi nitapokea wa tano. Lakini mwaka uliotangulia, mmoja wao alipokea wa kwanza, akaaga anakwenda Mbeya kununua mzigo, na mpaka leo anaununua. Nilipomkumbusha hilo akasema, "Wewe nawe, dada, unawaza mabaya tu." Kweli nilikuwa nawaza mabaya. Ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote.

Ikabaki benki. Pale napo kulikuwa na akaunti ya kawaida ya akiba, ambayo riba yake ilikuwa afadhali kidogo kuliko posta, lakini foleni yake ilikuwa ya asubuhi nzima na ilifika mpaka nje. Nje ndiko nilikokuogopa. Sumbawanga ya wakati ule, ukionekana unatoka benki saa nne, saa kumi mashemeji wanne wamefika kukujulia hali. Halafu kulikuwa na maneno ya mitaani kwamba mabenki yanabadilishwa, matawi mengine yatafungwa, watu wataambiwa wafuate hela zao Mbeya. Hakuna aliyejua ukweli wake, na mimi maneno yasiyojulikana ukweli ndiyo yanayonikaa kichwani.

Nilikwenda hata hivyo, siku ya mvua, ili foleni iwe fupi. Karani aliyenihudumia alikuwa kijana mwenye tai juu ya sweta, na sweta lenyewe nililijua, lilitoka kibandani kwangu. Labda ndiyo maana alinipa muda. Akaniambia benki haiendi popote. Akaniambia pia kuna akaunti ya muda maalumu: unaifungia hela yako mwaka mzima, huigusi, na mwisho wa mwaka inarudi na riba kubwa. Akaandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi akanisukumia. Nilizitazama sana. Riba ile peke yake ingeweza kulipa miwani na nauli zote, na chenji ikabaki.

"Na nikiihitaji kabla?" nikamuuliza.

"Unaweza kuvunja, mama. Unakuja unasaini, tunakupa hela yako. Ila riba yote unaikosa."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nataka hilo lieleweke, maana kuna siku nimejaribu kujidanganya kwamba sikusikia.

Mwaka, alisema karani. Mwaka, alisema mtaalamu wa macho. Nikaona Mungu mwenyewe amezipanga hesabu. Wiki iliyofuata nikaipeleka laki moja na elfu ishirini yote, nimeifunga kiunoni ndani ya khanga mbili, nikapewa hati yenye mhuri na tarehe ya kuiva, mwezi wa nane mwaka unaofuata. Hati ile niliiweka kwenye Biblia. Kisha nikawaza moto, nikaihamisha.

Nilikwenda kijijini kumweleza mama, maana hela ilikuwa yake kwa namna fulani. Alikuwa amekaa juani anapepeta ulezi kwa mazoea ya mikono. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba akiangalia pembeni yangu kidogo. Nikamweleza. Hakufurahi. "Kwa nini usiniletee mimi?" akasema. "Ningeitia kwenye kihenge."

Lazima nieleze kihenge cha mama, la sivyo hamtamwelewa yeye wala mimi. Nyumbani kwetu ulezi ukishavunwa na kukauka, mama aliumimina kwenye kihenge, akaziba mdomo wake kwa udongo uliochanganywa na samadi, akaulainisha kwa kiganja. Ukizibwa umezibwa. Haukufunguliwa mpaka palizi ya kwanza ya mahindi iishe. Nakumbuka mwaka mmoja mahindi yaliisha mapema, tukala maboga na mboga za majani wiki nyingi, na kihenge kimejaa hatua tatu kutoka mahali tulipolala. Mdogo wangu alilia. Mama alikwenda kukopa unga kwa watu, lakini udongo ule hakuugusa. Mwanamke aliyefungua kihenge kabla ya wakati, kwetu alisemwa kwamba nyumba imemshinda, na maneno hayo yalimfuata mpaka uzeeni. Mama hakuwahi kusemwa. Mimi nilikulia hapo, na nilijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Basi nikamweleza benki kwa njia hiyo. Nikamwambia, mama, hii nayo wameiziba, mpaka mwezi wa nane mwakani, na ikifunguliwa inatoka imeongezeka. Uso wake ukabadilika. "Imezibwa kabisa?" akauliza. Nikasema kabisa. "Na wewe mwenyewe huwezi kuigusa?" Nikasema siwezi. Niliona ni maelezo marefu bure, mambo ya kuvunja na kusaini, kwa mama mzee. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea kupepeta.

Miezi saba ilipita nikiwa na wasiwasi wa kawaida tu. Redio ikisema neno benki naongeza sauti. Nikipita mbele ya tawi natazama kama mlango uko wazi. Mwezi wa tatu, katikati ya masika, mwanamke wa kijijini kwetu alikuja sokoni na barua ya mganga wa zahanati. Ilikuwa mistari mitatu. Mtoto wa jicho ameiva, mama haoni tena isipokuwa mwanga, apelekwe upasuaji sasa, asicheleweshwe.

Nilifunga kibanda saa tano asubuhi, jambo nisilolifanya hata kwa msiba wa mbali. Nikaenda benki. Karani alikuwa yuleyule. Akatazama hati yangu, akatazama kalenda ukutani. "Imebaki miezi mitano, mama," akasema. "Ukivunja leo utachukua laki yako na ishirini. Riba ndiyo hivyo tena." Akanitolea fomu, akaiweka juu ya meza na kalamu juu yake.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nyuma yangu watu walikohoa. Nilikuwa nafikiria bei zilivyopanda tangu niweke ile hela, kwamba laki na ishirini ya sasa si ile, kwamba pengine haitoshi, na nikifika hospitali ikapungua nitamkopa nani? Nikafikiria miezi saba ya kungoja, yote bure, kama mtu aliyelima akang'oa. Na zaidi ya hayo yote, niliona aibu. Nisingeweza kumweleza mtu yeyote pale ndani aibu ile. Mkono ulikataa kuishika kalamu. Nilihisi kwamba nikisaini ile fomu nitakuwa nimeonekana mwanamke ambaye nyumba imemshinda, na nani anionaye? Karani kijana tu, amevaa sweta langu.

Nikamwambia nitarudi kesho.

Nyumbani nikamwambia mume wangu. Akaweka chini kalamu yake nyekundu. "Ivunje," akasema.

"Na riba?"

"Riba ya nini? Mama haoni."

"Ataona mwezi wa nane. Mganga amesema ameiva, hajasema anakufa."

"Amesema asicheleweshwe. Imeandikwa."

Hapo nikampandishia. Nikamwambia yeye ni mtu wa mshahara, kila mwezi anapewa hata akilala, hajui hela ya kusimama juani Muze mpaka ngozi ya pua inabanduka. Nikamwambia kama anajali sana basi amalize mkopo wake wa bati tukope mwingine. Maneno mabaya, na sikuyahitaji. Alinitazama tu. Kisha akachukua kalamu akaendelea kusahihisha. Hata kesho yake hakuligusa jambo lile. Nilikuwa namjua: akishasema mara mbili, ya tatu anakuachia mwenyewe. Wakati ule niliona nimeshinda.

Nilikwenda kwa mama. Njiani lori lilikwama mara mbili kwenye matope, na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu nilipata cha kujiambia: barabara yenyewe haipitiki, mgonjwa wa macho atasafirishwaje? Malori yalikuwa yanapita. Mimi mwenyewe nilikuwa juu ya mojawapo.

Mama alikuwa ndani karibu na moto. Alinijua kwa hatua. Akaniuliza, "Umekuja kunipeleka?" Alikuwa ameshafunga kifurushi chake, khanga, sabuni na kikombe. Nikakaa. Nikamwambia hela bado haijafikia siku yake.

Aliweka mikono magotini.

"Basi tusubiri," akasema. "Haifunguliwi kabla. Nitasubiri tu, mwanangu, nisije nikakuharibia." Akanigusa goti kunituliza, mimi. Kifurushi akanipa nikitundike kwenye kigingi.

Miezi ile mitano niliihesabu kwa siku. Sokoni nilimpa mtu chenji ya elfu badala ya mia, nikampa mwingine sweta la mtoto kwa bei ya kitambaa cha meko. Nilikonda. Jirani yangu akanitania kwamba nina mimba au nina hawara. Nilipeleka sukari na dagaa wa Kabwe kijijini kila nilipopata mtu wa kumtuma, na kila aliyerudi nilimuuliza, mama anaendeleaje? Wote walisema hajambo, anasalimu. Mwezi wa sita makoti yakauzika sana, sikupata nafasi ya kwenda mwenyewe. Mwezi wa saba vilevile. Nilikuwa naogopa kwenda, huo ndio ukweli. Nilikuwa naogopa atanigusa tena goti.

Siku ya kuiva nilifika benki kabla haijafunguliwa. Walinilipa yote, laki moja na ishirini pamoja na riba yake, noti mpya zinanuka. Nilitia kiunoni nikapanda lori la mchana huohuo. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimeshinda kila kitu, panya, wezi, mashemeji, bei za vitu, na mama yangu ataona.

Nilimkuta amelala amefunga kichwa kwa kitambaa. Jirani aliyekuwa akimpikia ndiye aliyenitoa nje na kuniambia. Wiki ya tano sasa. Jicho lilivimba likawa jekundu, kichwa kikauma mpaka akatapika, usiku alikuwa akiuma khanga asipige kelele. Mganga wa zahanati alimpa vidonge, akasema apelekwe hospitali leo leo. "Tulitaka kukuletea habari," jirani akasema, "mama yako akatukataza. Alisema usisumbuliwe, hela yako bado siku zake. Alisema ukijua utakuja kuhangaika bure na haifunguliki."

Tulifika hospitali kesho yake jioni. Daktari alikuwa mtu wa mbali, Kifipa chetu hajui, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha salamu na cha kununulia chumvi, kwa hiyo nilikaa katikati yao kwenye benchi, nifasiri. Alimulika jicho muda mrefu. Akaligusa kwa kidole juu ya kope, taratibu, mama akashtuka. Halafu akachukua barua ya zahanati niliyokuja nayo, ile ya kwanza. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii ni ya mwezi wa tatu," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Mlikuwa wapi?"

Akashusha pumzi, akanieleza, na hakunieleza kwa hasira, ila sauti yake ilikuwa nzito. Mtoto wa jicho amekomaa kupita kiasi mpaka amevimba, presha ya jicho ikapanda, mshipa wa kuonea umekufa. Hata mwanga hauoni tena. Hakuna cha kupasua, atampa dawa ya kutuliza maumivu basi. "Mngekuja mwezi wa tatu," akasema, "angeondoka hapa anatembea mwenyewe."

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

Nilikuwa na lugha mbili mdomoni na kila mmoja wao alikuwa na moja tu. Nikamwambia, "Anasema ni uzee, mama. Anasema jicho limechoka, halifai kupasuliwa."

Niliona vidole vya mama vinakunja pindo la khanga na kulikunjua. Kisha akasema, "Mbona sauti yake ni ya kugomba? Anakugombeza wewe?"

"Hapana, mama."

"Anakugombeza. Mwambie asikugombeze. Mwambie hela ilikuwa imefungwa, si kosa lako, ulikuwa huwezi kuifungua. Mwambie." Akanisukuma kwa kiwiko. "Mwambie nisikie."

Nikamgeukia daktari. Nikasema, "Mama anasema hela ya matibabu ilikuwa imefungwa benki."

Daktari akavua miwani. "Na haikuwezekana kabisa kuitoa?"

Mama alikuwa amenielekezea uso, anasikiliza, mdomo wazi kidogo. Nikasema haikuwezekana.

Daktari akasema pole, akaandika dawa.

Dawa zenyewe zilikuwa bei ya masweta mawili. Tulitoka pale na hela yote kiunoni mwangu, karibu kama nilivyohesabiwa benki. Kwenye veranda mama akasimama ili apumue, akauliza hiyo hela iliongezeka kiasi gani kwa mwaka huo mmoja. Nilimtajia mpaka shilingi ya mwisho. Akasema ni nyingi, nimefanya vizuri, kisha akanyoosha mkono nimwonyeshe ngazi zinaanzia wapi.